Tusifute kile mashine ilichokataa

Tangu tuanze kuhifadhi kwenye kompyuta nasaba tunazozikusanya uwandani, kumezuka desturi moja ambayo naona inatudhuru. Mwanafunzi anarudi kutoka kijijini na madaftari yake, anaandika majina ya watu na uhusiano wao, analiunganisha faili lake na mafaili ya wenzake wa miaka iliyopita, kisha analiingiza lote katika programu ya nasaba. Faili la watu mia mbili huingia bila kelele. Faili la watu maelfu linakwama, au linaingia nusu, na programu inatoa orodha ndefu ya mistari iliyoikataa au kuitilia shaka. Hapo ndipo desturi inapoanza. Mwanafunzi anaipitia orodha, anafuta kila mstari unaolalamikiwa, anajaribu tena, anafuta tena, mpaka mashine inyamaze. Kazi hiyo tunaiita "kusafisha". Asistenti anapokea faili safi, anatoa alama, na madaftari yanarudi chini ya kitanda.

Maoni yangu ni kwamba orodha ile ya makosa ni sehemu ya data zetu, na kwa mwanaisimu huenda ndiyo sehemu yenye faida kuliko zote. Lakini ili kuisoma lazima tutenganishe mambo mawili ambayo programu huyaita kwa jina moja: ubovu wa faili, na ukweli ambao muundo wa faili haukutungwa kuusema. Ubovu tuutengeneze bila huruma. Huo mwingine tusiuguse kabla ya kuuelewa.

Muundo ninaouzungumzia ni GEDCOM. Ulitolewa mara ya kwanza mwaka 1984 na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na leo karibu kila programu ya nasaba inausoma. Faili lenyewe ni maandishi matupu, mstari kwa mstari: namba ya ngazi, lebo ya herufi chache, kisha maelezo. Kila mtu ana namba yake na kila familia ina namba yake. Lebo FAMC inampeleka mtu kwenye familia aliyozaliwa, FAMS kwenye familia aliyooa au kuolewa. Familia nayo inataja mume (HUSB), mke (WIFE) na watoto (CHIL). Ni sarufi ndogo sana, na kama sarufi yoyote ina sentensi inazozipokea na sentensi inazozikataa.

Nianze na ubovu, kwa sababu ndio rahisi. Lifungue faili kwa kihariri cha maandishi matupu, si kwa programu ya kuandikia barua, ambayo hubadilisha alama za nukuu na kuongeza vitu visivyoonekana. Tazama mstari wa mwisho kabisa. Faili kamili huishia kwa 0 TRLR. Likiishia katikati ya jina la mtu, basi halikunakiliwa lote: flashi ilichomolewa mapema, au umeme ulikatika. Hapo hakuna cha kutengeneza, rudi kwenye nakala ya awali. Kisha hesabu mistari yenye lebo INDI, ile inayotangaza watu, na uilinganishe na idadi ya watu ambao programu inasema imewapokea. Ni wachache kati yetu wanaofanya hesabu hii, ilhali bila hiyo watu mia tatu wanaweza kupotea kimyakimya na hakuna atakayejua. Faili likigoma bila kutaja sababu, ligawe sehemu mbili, kila kipande ukipe kichwa chake na TRLR yake, jaribu vyote viwili, ukigawe tena kile kinachogoma. Faili la mistari laki moja hukufikisha kwenye mstari mbaya kwa majaribio kumi na saba hivi. Viungo vya familia vitakatika kwa kugawa, lakini usivijali. Vipande hivyo ni vya kutupwa.

Ubovu wa pili unatugusa sisi kuliko wanahistoria, nao ni herufi. Toleo la 5.5, la miaka ya tisini, lilitegemea ANSEL, seti ya herufi iliyotengenezwa Marekani kwa ajili ya kazi za maktaba. Ndani ya ANSEL alama ya juu ya irabu huandikwa kabla ya irabu yenyewe. Katika Unicode alama ya namna hiyo huja baada ya irabu. Faili la ANSEL likisomwa kama UTF-8, toni zote zinageuka takataka. Tena ANSEL haina ɛ wala ɔ, kwa hiyo anayeandika majina ya Kilingala kwa irabu zake saba hana mahali pa kuziweka. Toleo la 5.5.1, lililoandikwa mwaka 1999, liliruhusu UTF-8, na toleo la 7.0 la mwaka 2021 halikubali nyingine. Basi kichwa cha faili kiseme UTF-8, na faili liwe UTF-8 kweli, maana mara nyingi kichwa kinasema hivi na baiti zinasema vile.

Hata humo kuna mtego. Herufi é inaweza kuandikwa kwa namna mbili: kama alama moja, au kama e ikifuatwa na mkazo wake. Machoni ni kitu kimoja. Kwa mashine ni maneno mawili, na mzee mmoja aliyeandikwa na wanafunzi wawili wenye kibodi tofauti anakuwa wazee wawili. Nayo ɔ́ haina alama moja iliyotengwa kwa ajili yake. Lazima iwe mbili, na katika UTF-8 inachukua baiti nne. Sasa kumbuka kwamba matoleo ya zamani hayaruhusu mstari upite herufi 255, na maelezo marefu hukatwa yakaendelezwa kwa lebo CONC. Programu inayohesabu baiti badala ya herufi inaweza kukata katikati ya irabu. Kila upande unabaki na kipande kisichosomeka, na programu ya pili inaweza kulikataa faili zima kwa ajili ya ɔ moja. Nilipoliona jambo hili katika faili la kikundi chetu nilicheka sana. Miaka yote hii maprofesa wanatukumbusha kwamba toni si pambo, na kumbe mashine nayo inalijua hilo kwa njia yake.

Yote haya ni ya kutengeneza, na atakayeyaacha hastahili alama. Ila mistari mingi ya ile orodha haimo katika kundi hili. Imeandikwa vizuri, viungo vyake vipo, herufi zake ni nzima, na bado mashine inalalamika.

Katika orodha yetu onyo moja lilirudi mara kadhaa: mtoto amezaliwa baada ya kifo cha baba. Si miezi mitano baadaye, jambo ambalo kila mtu angelielewa. Ni miaka minne, na mahali pengine sita. Katika nakala iliyokuwa imekwisha kusafishwa kabla haijatufikia, mwaka wa kifo ulikuwa umefutwa, na onyo likaondoka. Tulipofungua daftari tukakuta msimulizi alikuwa amesema waziwazi: "Ule ni mutoto wa marehemu." Mjane alibaki katika nyumba ya mume, mdogo wa marehemu akamchukua, na watoto waliofuata wakahesabiwa kuwa wa yule aliyelala kaburini. Hakuna kosa lolote hapo. Baba anayetajwa ndiye baba kwa sheria ya ukoo ule, na tarehe ni sahihi. Kilichokosea ni dhana ya programu kwamba baba ni yule tu aliyetoa damu.

Tazama sasa kile usafishaji ulichozaa. Kaka mkubwa, akiwa amenyang'anywa kifo chake, anaonekana hai wakati mdogo wake anazaa na mkewe. Katika jamii ile hilo ni aibu kubwa ya kuitisha baraza la wazee. Mwanafunzi amewaandikia watu waheshimiwa kashfa ambayo haikutokea, na ameiandika kwa kubonyeza kitufe cha kufuta mara moja.

Muundo wenyewe unatoa nafasi ya kueleza aina ya uhusiano wa mtoto na familia, kwa lebo PEDI. Katika toleo la 5.5.1 thamani zake ni nne: kuzaliwa, kuasiliwa, kulelewa, na ya nne ni ibada ya kuunganisha familia inayofanywa katika Kanisa lile lile lililoutunga muundo. Siwalaumu hata kidogo. Anayetunga orodha huanza na yale ya nyumbani kwake. Lakini tuone hali ilivyo. Ibada ya kanisa moja ina lebo yake rasmi, na urithi wa wajane, unaojulikana katika jamii nyingi za Afrika, hauna. Toleo la 7.0 limeongeza thamani ya tano, OTHER, inayoweza kufuatwa na maneno ya ufafanuzi. Humo "mutoto wa marehemu" inaingia kama ilivyotamkwa. Kwa hiyo dawa ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kulisoma lile onyo kabla ya kulifuta.

Majina yana hadithi inayofanana na hiyo. GEDCOM inataka jina la ukoo liwekwe kati ya mikwaju miwili, kama /Dupont/, na programu nyingi hupanga watu, huwatafuta na kupendekeza kuwaunganisha kwa kulifuata jina hilo. Kwetu mtu ana jina, jina la pili linalolifuata, na jina la ubatizo, na ndugu watano wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matano yasiyofanana. Tangu hapo, kipi kiwekwe kati ya mikwaju? Kila mwanafunzi anaamua lake, na mafaili yakiunganishwa ndugu wanatawanyika. Kwa upande mwingine, watu wasiojuana wanavutwa pamoja. Kwa Waluba wa Katanga pacha wa kwanza ni Mbuyu na wa pili ni Kabange. Faili kubwa litakuwa na akina Mbuyu wengi wasio na mwaka wa kuzaliwa, na programu itauliza kwa upole kama wote si mtu mmoja. Anayebonyeza "ndiyo" kwa wote ili amalize kazi kabla ya jenereta kuzimwa anaunganisha mapacha wa vijiji vinne. Hapo tena kuna wale waliozaliwa kabla ya mwaka 1972, Mobutu alipoagiza majina ya Kikristo yaachwe: cheti cha ubatizo kina jina moja, kitambulisho kina jingine, mtu ni yule yule. Muundo unaruhusu mtu mmoja awe na mistari mingi ya NAME. Tuitumie, na kwa kila jina tuseme lilitumika lini na wapi.

Kutoka katika majina hutokea pia lile kosa linaloangusha programu kabisa. Mjukuu hupewa jina la babu. Kwa Kilingala watakuwa ndoyi, wenye jina moja. Wakiunganishwa kwa bahati mbaya, mtu anakuwa babu wa baba yake mwenyewe, na programu inayopanda ngazi kutafuta wahenga inazunguka bila kufika juu mpaka kumbukumbu ijae. Mashine inasema "mzunguko". Huo kwa kweli ni ubovu na lazima utenguliwe, ila usiutengue kwa kumfuta mmoja wao, kama nilivyoona ikifanyika. Rudi kwenye daftari utafute nani alimpa nani jina, kwa sababu habari hiyo ya kurithi jina ndiyo iliyotupeleka kijijini.

Kuna jambo moja ambalo kosa si la mashine wala la msimulizi, bali la anayeandika, na wanafunzi wa lugha tunapaswa kuwa wa mwisho kulifanya. Msimulizi akisema "baba", si lazima amaanishe mtu wa kuwekwa kwenye HUSB. Baba mukubwa ni baba, baba mudogo ni baba. Katika Kiluba cha Kasai dada wa baba ni tatu mukaji, yaani baba wa kike. Akiandikwa kama mume wa familia, programu inakataa kwa sababu jinsia yake ni F, na mwandishi anambadilisha kuwa M ili apite! Nimeliona hilo kwa macho yangu. Neno la kuitana ni neno. Kiungo cha uzazi ni kiungo. GEDCOM ina lebo ASSO inayounganisha watu wawili, na chini yake, katika 5.5.1, RELA yenye nafasi ya herufi 25 za kutaja uhusiano kwa maneno yako. "Tatu mukaji" inatosha humo na nafasi inabaki. Vivyo hivyo kwa Wabemba na Wakongo, ambako ukoo unafuata upande wa mama na mjomba ndiye mwenye neno: asipounganishwa kwa ASSO, mti utamchora kama tawi la pembeni, na anayeusoma atadhani hakuwa na kazi.

Tarehe nitazipitia haraka. Miezi huandikwa kwa herufi tatu za Kiingereza, hata kama wewe umeandika kwa Kifaransa. AOU haitapokelewa, AUG itapokelewa. Linaloniuma ni jingine. Bibi wa Kolwezi anasema, "Alizaliwaka mu vita ya siku sita." Mtu yeyote wa Katanga anajua ni mwaka 1978, kama anavyojua kwamba vita ya siku themanini ni ya 1977. Programu inakataa maneno hayo kwenye tarehe, na mwanafunzi anaandika 1 JAN 1978. Baada ya miaka michache tunakuwa na ukoo mzima uliozaliwa siku ya mwaka mpya. Toleo la 5.5.1 linakubali INT 1978 (vita ya siku sita), na la 7.0 linaweka maneno hayo katika mstari wake, PHRASE, chini ya DATE. Mwaka unabaki, na bibi anabaki.

Najua jibu la baadhi ya walimu wetu: sisi si wanahistoria wala watu wa kompyuta, tutumie jedwali la kawaida na kuachana na muundo wa kigeni. Nalielewa, ila silikubali. Familia zinazotupokea zinaomba nakala, na nakala wanayoweza kuifungua ndugu zao walioko Ubelgiji au Kanada ni hiyo ya GEDCOM. Tena jedwali nalo lina dhana zake, ila linazificha, halilalamiki kamwe. Mimi napenda chombo kinacholalamika. Gramps, kwa mfano, programu huria isiyolipiwa, hutoa mwishoni taarifa yenye namba ya kila mstari ambao haikuuelewa. Hiyo ni karatasi ya bure inayokuonyesha pale ambapo Kiluba, Kibemba au Kiswahili chetu kimegongana na fikra za mtunzi wa muundo.

Na tusidhani haya yanaishia ndani ya maktaba. Sheria namba 15/015 ya tarehe 25 Agosti 2015 inapanga hadhi ya machifu wa kimila, na mtu anayedai kiti anadai kwa nasaba. Faili lenye muhuri wa chuo kikuu, lililosafishwa mpaka mtoto wa marehemu akageuka mtoto wa mdogo wake, linaweza siku moja kuwekwa mbele ya wazee au hakimu kama ushahidi. Atakayelileta hatajua kwamba mwaka wa kifo ulifutwa na kijana aliyekuwa na haraka ya kupeleka kazi.

Ninachokiomba si kikubwa. Faili la awali, kabla ya kuguswa, lihifadhiwe pamoja na madaftari na lisiandikwe juu yake. Orodha ya makosa ichapwe na kuambatanishwa na kazi, na pembeni ya kila mstari mwanafunzi aandike kama ni ubovu aliourekebisha au ni jambo lililosemwa na msimulizi, akitaja ukurasa wa daftari. Na alama zitolewe kwa maelezo hayo, kwa sababu leo anayeleta orodha ya makosa arobaini yaliyoelezwa anapata chini ya yule anayeleta faili lisilo na kosa hata moja. Vikundi vinaondoka tena kiangazi kikianza. Mwongozo wanaopewa una ukurasa mmoja kuhusu kompyuta, na sentensi yake ya mwisho inasema: hakikisheni faili linaingia bila makosa. Sentensi hiyo ningependa ifutwe kabla hawajapanda gari.